Mti wa Mkono wa Kushoto

Mwalimu Numbi alikuja na futi ya mshonaji,
akanyosha mikono katikati ya karakana yangu pale Katuba
kama anayepima upana wa mlango.
"Pima," akasema. "Si wa kutundika ukutani.
Nataka uta unaonijua mimi:
bega hili la kulia lililowahi kuvunjika,
mkono huu wa kushoto
ulioandika ubaoni miaka ishirini na sita."

Nikapima. Nikaandika ukutani kwa mkaa.

Mkaratusi ninao, umesimama nyuma ya choo,
mnyoofu kama askari wa gwaride.
Hukua upesi, husahau upesi:
ukiukunja leo, kesho umebaki vilevile umekunjika.
Hauna kinyongo,
na uta usio na kinyongo ni fimbo tu.

Mulombwa ulitoa machozi mekundu kwenye msumeno.
Mti mzuri, wa vitanda vya maharusi.
Niliugonga kwa kifundo cha kidole, ukaitikia polepole,
sauti ya mtu aliyeshiba.

Mukula usiniulize.
Mukula hupita usiku chini ya maturubai ya malori,
kuelekea Kasumbalesa,
nasi hubakiwa na vumbi.

Ukabaki mubanga, unaovunja meno ya msumeno,
unaowachosha mchwa;
nyumba huanguka, nguzo yake ikabaki imesimama
bila cha kubeba.
Lakini siku hizi mubanga huingia Lubumbashi
ukiwa umekwisha kuwa makala,
magunia matatu juu ya baiskeli moja,
na mwendeshaji huonekana miguu tu.

Nikashika barabara ya Kasenga kabla jua halijakaza.
Nilimkuta Mwewa akipanga magogo ya tanuru,
udongo wa kuyafunika uko tayari pembeni.
Nilivua viatu, nikapanda juu ya rundo,
nikagonga moja, nikagonga jingine,
kama daktari kwenye mgongo wa mgonjwa.
La tisa likalia.
"Hilo."
Mwewa akacheka. "Hilo ni nusu gunia."
Nikalipa gunia zima.
Alihesabu pesa mara mbili, akaniangalia mara tatu.

Samaki mkunje angali mbichi, wanasema.
Samaki si mti.
Gogo nililipasua kwa kabari, si kwa msumeno,
ili lenyewe lionyeshe lilikotaka kwenda.
Nikaziba ncha kwa nta, nikalilaza darini kiangazi chote,
hadi likaacha kupungua
kwenye mizani ya jirani muuza dagaa.

Sasa nafuata pete moja.
Mwaka mmoja wa mvua, toka ncha hadi ncha,
huo ndio mgongo wa uta.
Ukiukata mwaka huo, hata kwa unene wa ukucha,
siku moja uta utavunjikia hapohapo.
Kwenye fundo nazunguka, naacha nyama,
kama watu wanavyolizunguka jina fulani mezani.

Numbi huja Jumamosi, hukalia kipande cha mulombwa.
Jumamosi ya tatu akasema, bila kuulizwa:
"Wa baba niliuchoma mimi.
Ule mwaka makala hayakufika mjini.
Mtoto alikuwa anaharisha, maji yalitaka kuchemka.
Uliwaka vizuri. Uliwaka muda mrefu.
Labda ulikuwa mubanga. Sikuwahi kumwuliza."

Nikaendelea kukwangua.
"Na mtoto?"
"Yuko Likasi. Fundi umeme."

Mkono wa juu bado mkaidi kuliko wa chini.
Nakwangua mara tatu kwa kigae cha chupa,
navuta upote, natazama,
nakwangua mara mbili.
Maranda yanaanguka miguuni, membamba, yamejikunja yenyewe.
Jioni mke wangu huyazoa
ya kuwashia mbabula.